Mwana-kondoo Akue Upesi, Lakini Kwanza Aishi

Siku ya soko, tukisimama mahali pa mifugo, twaona jambo moja kila mara. Mtu mmoja ameleta kondoo wa miezi 6, mnene, mgongo wake mpana. Hajapata hata kumfunga kambani, wanunuzi wamekwisha kumzunguka. Mwenzake ameleta kondoo wa umri ule ule, lakini mbavu zake zahesabika. Huyo akaa sokoni mpaka jua lishuke, kisha amtoa kwa bei yo yote. Wote wawili wamechunga nusu mwaka, katika mvua na katika jua. Mmoja arudi nyumbani na karo ya watoto. Wa pili arudi na deni.

Basi si ajabu kwamba wafugaji wengi watuuliza: Tufanyeje ili wana-kondoo wetu wakue upesi? Wengine wamekwisha kujijibu wenyewe: Tutafute dume kubwa la kigeni. Jibu hilo lina kweli ndani yake, tena lina hatari. Leo twataka kueleza yote mawili, ile kweli na ile hatari. Tutaanza na mtu wa Uingereza aliyeonyesha njia ya kuchagua madume, halafu tutakwenda kwa majirani zetu wa Kenya, ambao walipata faida kwa dume la kigeni, wakapata na hasara ambayo haijapona mpaka leo.

Kuchagua dume

Kila mwana-kondoo hupokea nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba. Lakini jike mmoja huzaa mtoto mmoja au wawili tu kwa mwaka, hali dume mmoja aweza kuzalisha majike 20 au 30. Kwa hiyo ukikosea katika kuchagua jike, umeharibu mtoto mmoja; ukikosea katika kuchagua dume, umeharibu watoto wote wa mwaka ule. Hii ndiyo sababu mfugaji mwenye akili huanza na dume.

Jambo hili si geni. Wasomaji wetu wakumbuka habari ya Yakobo alipochunga kundi la mjomba wake Labani. Twasoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba aliwatazama wanyama wenye nguvu walipopandana, na wale dhaifu wakabaki kuwa wa Labani. Zile fito alizozisimamisha mbele ya birika, elimu ya leo haioni kwamba zaweza kugeuza rangi ya mwana-kondoo. Lakini kutenga wenye nguvu na dhaifu ni shauri jema hata sasa.

Mtu aliyelifanya shauri hilo kuwa kazi ya hesabu ni Robert Bakewell, mkulima wa Dishley katika jimbo la Leicestershire, Uingereza. Alizaliwa mwaka 1725, akashika shamba la baba yake mwaka 1760. Siku zile watu waliacha madume na majike kulisha pamoja, na kila dume alipanda jike aliyemkuta. Bakewell akawatenga. Akachagua yeye mwenyewe dume gani apande jike gani, akitafuta umbo alilolitaka: kondoo wa mifupa myembamba, mwenye nyama nyingi, akomaaye mapema. Hakuuza madume yake. Aliwakodisha kwa wakulima wengine kwa majira moja. Hivyo aliweza kuwaona watoto wao katika mashamba mengi, akamjua kwa hakika dume mwenye kuzaa vema. Mwaka 1789 madume 3 tu walimpatia gini 1,200, fedha nyingi mno kwa siku zile. Kondoo wake walikuwa tayari kuchinjwa wakiwa na miaka 2 hivi, ambapo kondoo wa zamani walingojewa zaidi.

Lakini tusisahau mwisho wa habari. Bakewell alitazama nyama, mafuta na kukomaa mapema. Hakutazama sana maziwa ya mama wala wingi wa watoto. Baadaye wakulima wakaanza kulalamika: majike wa mbegu yake hawana maziwa ya kutosha, hawazai mapacha wengi, na nyama yao ina mafuta kupita kiasi. Leo kizazi cha kondoo wale, waitwao Leicester Longwool, ni wachache hata kwao Uingereza. Hapa twapata fundisho la kwanza, nalo litatufuata mpaka mwisho: Unachokichagua utakipata, usichokitazama waweza kukipoteza.

Mizani na daftari

Je, tutamjuaje dume mwema? Macho hayatoshi. Sisi wenyewe tulipata fundisho hilo shuleni, tulipokuwa na kundi dogo la kondoo. Mwaka mmoja tulichagua dume kijana aliyewapita wenzake wote kwa ukubwa, tukajisifu sana. Mwanafunzi mmoja, aliyeandika daftari la kundi, akatuambia kwa adabu: «Mwalimu, huyu alinyonya peke yake. Yule mdogo wake kidogo ni pacha, tena mama yake ni mzazi wa kwanza.» Tukacheka, tukashika shauri letu. Watoto wa dume letu walipozaliwa na kukua, hawakuwapita wengine hata kidogo. Ukubwa wa baba yao ulikuwa umetoka katika maziwa, wala haukutoka katika damu. Yule pacha tulikuwa tumekwisha kumhasi na kumuuza. Tangu siku ile twaliheshimu daftari.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na kila mwanafunzi aweza kuifanya. Mpime mwana-kondoo siku anapozaliwa, umpime tena siku anapotimiza miezi 3. Tuseme alizaliwa na kilo 3, na baada ya siku 90 ana kilo 15. Ameongeza kilo 12, yaani gramu 12,000. Gawanya kwa 90: ameongeza gramu 133 kila siku. Kisha mlinganishe na wenzake, lakini uwe mwadilifu: pacha na pacha, wa peke yake na wa peke yake, waliozaliwa majira moja na kulishwa mahali pamoja.

Hata hivyo tusitazamie miujiza. Wataalamu waliopima makundi mengi waona kwamba, katika tofauti za uzito zilizopo kati ya wana-kondoo wa kundi moja, ni kama sehemu 1 hadi 3 tu kwa 10 zinazotoka katika urithi. Zilizobaki zatoka katika maziwa, malisho, mvua na magonjwa. Tuseme wana-kondoo wako wana kilo 14 kwa wastani, na dume uliyemchagua ana kilo 18. Amewapita kwa kilo 4. Ikiwa sehemu 2 kwa 10 ni za urithi, ziada yake ya kweli ni gramu 800. Na kwa kuwa mtoto hupokea nusu tu kwa baba, kila mtoto atapata gramu 400. Ni kidogo, sivyo? Lakini kwa watoto 20 ni kilo 8, bila gharama nyingine yo yote. Na ukichagua hivyo hivyo kila kizazi, faida ya mwaka huu yawekwa juu ya faida ya mwaka jana. Hivyo ndivyo mbegu njema zilivyotengenezwa, kwa uvumilivu.

Kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi

Lakini uvumilivu ni mgumu, na ndipo mtu humtamani dume la kigeni. Katika Afrika nzima hakuna kondoo atamaniwaye kuliko Dorper. Huyu ni mweupe mwili, mweusi kichwa, mnene wa mapaja, wala hahitaji kukatwa manyoya. Alitengenezwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1930 na 1940. Wataalamu walichukua dume wa Dorset Horn kutoka Uingereza, mwenye kukua upesi, wakampandisha kwa majike wa Uajemi wenye vichwa vyeusi, ambao asili yao ni nchi za Wasomali na ambao wajua kuvumilia ukame. Mwaka 1950 wafugaji wake wakaunda chama chao. Jina lenyewe laonyesha wazazi: Dor ni Dorset, na Per ni Persian, yaani wa Uajemi. Katika malisho mazuri mwana wa Dorper aweza kufika kilo 36 kabla ya kutimiza miezi 4. Si ajabu basi kwamba sifa zake zilivuka mipaka.

Zikafika Kenya. Huko Wamasai walikuwa na kondoo wao wa tangu zamani, mwekundu, mwenye mkia wa mafuta, ambaye huonekana pia katika kaskazini ya Tanzania na sehemu za Uganda. Mwili wake ni mdogo, na hakui upesi kama Dorper. Katikati ya miaka ya 1970 ulianzishwa mpango wa kuwapatia wafugaji madume wa Dorper kwa bei iliyopunguzwa. Wafugaji wakawapandisha kwa majike wekundu. Kizazi cha kwanza kikawafurahisha wote: wana-kondoo wakubwa, wenye nguvu, wenye bei sokoni. Basi, kwa kuwa nusu ya damu ya Dorper ilikuwa njema, wakadhani damu yote itakuwa njema zaidi. Wakaendelea kupandisha Dorper juu ya Dorper, mwaka hata mwaka. Hawakupewa mafundisho ya kutosha jinsi ya kuendesha kazi ya kuchanganya mbegu. Wengi hawakuweka hata kikundi kidogo cha majike wekundu safi.

Adui katika majani

Sasa yatupasa kumtaja adui ambaye hakuhesabiwa. Katika tumbo la nne la kondoo hukaa mnyoo mwembamba kama uzi, mnywaji wa damu. Wataalamu humwita Haemonchus contortus. Mnyoo jike mmoja aweza kutaga mayai 5,000 na zaidi kila siku. Mayai hutoka pamoja na kinyesi. Penye joto na maji huanguliwa, na baada ya siku chache viluwiluwi wake hupanda juu ya majani pamoja na umande, wakingoja kuliwa. Mnyoo mmoja hunywa tone tu la damu. Lakini minyoo 1,000 hunywa kama mililita 50 kila siku, na damu yote ya mwana-kondoo wa kilo 20 haifiki hata lita 2. Basi mwana-kondoo adhoofika, midomo na macho yake yawa meupe, taya yavimba kwa chini, na asubuhi moja akutwa amelala, haamki.

Je, kondoo wote wadhurika sawasawa? Wataalamu walitaka kujua. Huko Diani, kusini ya Mombasa, penye joto na unyevu, taasisi ya uchunguzi wa mifugo ambayo tangu mwaka 1995 ni sehemu ya ile iitwayo ILRI, yenye makao yake Nairobi, iliwaweka pamoja kondoo wekundu wa Kimasai, Dorper na machotara wao. Wakawalisha katika malisho yale yale na kuwafuata wana-kondoo waliozaliwa tangu mwaka 1991 mpaka 1996. Wakahesabu mayai ya minyoo katika kinyesi, wakapima damu, wakaandika vifo na uzito.

Majibu yalikuwa wazi. Kondoo mwekundu alikuwa na mayai machache ya minyoo, damu yake ilikuwa nzito zaidi, na watoto wake walikufa wachache kuliko watoto wa Dorper. Walipohesabu yote pamoja, yaani majike waliozaa, watoto waliopona na kilo zilizopatikana, kundi la wekundu lilizaa faida zaidi ya mara mbili kuliko kundi la Dorper. Yule aliyedharauliwa kwa udogo wake ndiye aliyeshinda, kwa sababu watoto wake walikuwa hai.

Tusimdharau Dorper kwa ajili hiyo. Katika nyanda kavu za Kapiti, kusini-mashariki ya Nairobi, ambako minyoo si wengi kama pwani, Dorper hakushindwa hivyo, na uzito wake ulileta faida. Mbegu moja yaweza kuwa baraka mahali hapa na hasara mahali pale. Hata katika nyanda hizo hatari haikosekani, kwa maana ukame mkubwa ukija, kama ule wa mwaka 2009 katika Kajiado, mnyama mkubwa mwenye kuhitaji majani mengi ni wa kwanza kutaabika.

Kuna hasara nyingine, nayo ni kubwa kuliko zote. Katika miaka ya 1990, wataalamu walipotaka kondoo wekundu walio safi kwa ajili ya kuwahifadhi, walitafuta katika Kenya na kaskazini ya Tanzania, wakaona kwamba makundi safi yamekuwa haba. Hata wale waliowanunua, baadaye ilionekana kwamba wengine walikuwa na damu ngeni ndani yao. Nguvu ile ya kushindana na minyoo haikutengenezwa katika nyumba ya wataalamu. Ilitokana na vizazi vingi vya kondoo walioishi penye minyoo na ukame, dhaifu wakifa na hodari wakizaa. Ikipotea, hakuna duka la kuinunua. Wazee walisema kweli: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hesabu ya nyumbani

Labda mmoja wetu atasema: Lakini dawa ya minyoo ipo. Ndiyo, ipo, nayo yafaa. Lakini dawa hununuliwa kwa fedha, na ikitumiwa ovyo minyoo huizoea, kama ilivyokwisha kuonekana katika nchi nyingi. Afadhali kondoo mwenye dawa yake ndani ya damu, na dawa ya dukani iwe msaada.

Tufanye hesabu ya mfano. Jirani wawili wana majike 20 kila mmoja, na kila jike amezaa mtoto mmoja. Wa kwanza ana kondoo wa kienyeji: watoto 16 wamepona, kila mmoja amefika kilo 20, jumla kilo 320. Wa pili ana kondoo wa kigeni mahali penye unyevu: kila aliyepona amefika kilo 26, lakini waliopona ni 10, jumla kilo 260. Tena huyu wa pili amelipa dawa zaidi. Sokoni watu watamsifu wa pili kwa ukubwa wa kondoo wake. Penye sanduku la fedha, ni wa kwanza acheka.

Basi tufanyeje? Haya ndiyo mashauri yetu.

Kwanza, ulinde ukoo wa mama. Kama wataka kujaribu dume la kigeni, usimpandishe kwa majike wote. Gawanya kundi. Majike walio bora wapandwe na dume mwema wa kienyeji. Mabinti wao ndio watakaorithi kundi. Majike wengine wapandwe na dume la kigeni, na watoto wao wote, waume kwa wake, wauzwe kwa nyama. Hivyo utapata faida ya kizazi cha kwanza kila mwaka, bila kuuza asili yako.

Pili, uchague dume kwa mizani na daftari, tena utazame mambo mawili pamoja: amekua upesi, na amekua bila kuugua. Vuta chini ukope wa macho yake na utazame rangi ya ndani. Ikiwa ni nyekundu, damu ipo. Ikiwa ni nyeupe, minyoo wamemshinda. Katika Afrika ya Kusini wataalamu wametengeneza kadi yenye rangi 5 kwa kazi hiyo, iitwayo FAMACHA, ili apewe dawa yule tu aliyepungukiwa damu. Dume ahitajiye dawa kila mara asiwe baba wa kundi, hata awe mnene namna gani.

Tatu, madume usiowachagua wahasiwe au wauzwe kabla hawajaanza kupanda. Na dume uliyemchagua asikae mpaka kupanda mabinti zake. Baada ya miaka 2 hivi umbadilishe na jirani mwaminifu.

Nne, usimwombe dume afanye kazi ya malisho. Jike mjamzito alishwe vema katika miezi 2 ya mwisho, ili awe na maziwa. Kondoo wasirudishwe upesi mahali walipolishwa, wala wasitolewe alfajiri penye umande mwingi. Kwetu ambako mvua ni nyingi, shauri hili lina maana kubwa zaidi.

Ninyi wanafunzi, kazi ya daftari ni yenu. Baba zenu wamjua kila kondoo kwa sura na kwa mama yake. Ninyi mwajua kuandika na kugawanya. Mkiunganisha maarifa hayo mawili katika nyumba moja, mtaweza kuanza mwaka huu, hata kwa majike 5. Mwulizeni baba: Jike yupi hajawahi kufiwa na mtoto? Yupi alistahimili mwaka ule wa taabu? Liandikeni jina lake katika ukurasa wa kwanza. Huenda mwanawe mdogo, ambaye hakuna mnunuzi aliyemtazama sokoni, ndiye baba wa kundi mnayemtafuta.